Mali Bila Daftari

Hapa Free Area, Nakuru, bei hushuka. Mwenye viatu vya mtumba kando ya barabara kuu ya Nairobi hukutajia mia nane akijua mtaishia mia tano. Wewe unaguna, unakigeuza kiatu kutazama soli, unapiga hatua mbili kama mtu anayeenda zake, naye anakuita: "Kwani uko na ngapi?" Ndipo linapokuja swali lenyewe, la bei ya mwisho. Kila aliyesimama pale anajua kwamba bei ya kwanza ilikuwa salamu tu.

Kwenye mnada wa sanaa bei hupanda. Mwenye mali ameshakubaliana kwa siri na nyumba ya mnada kiwango ambacho chini yake kazi haiuzwi, kisha ananyamaza. Wanaotaja bei ni wanunuzi, na kila anayetaja anamchokoza mwenzake. Sisi tunavutana na muuzaji. Wao huvutana wenyewe kwa wenyewe, muuzaji akiwa pembeni anahesabu. Lakini yapo makadirio yanayochapishwa wiki kadhaa kabla ya mkono wa kwanza kuinuka ukumbini, na hayo ndiyo yanayonishughulisha. Nani alisema kitu hiki kina thamani hii, na alijuaje?

Tumchukue Mark Rothko, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa Dvinsk, mji ambao leo uko Latvia, na aliyefariki New York mwaka 1970. Mnamo Mei 2012, nyumba ya mnada ya Christie's, New York, iliuza mchoro wake wa mwaka 1961 uitwao Orange, Red, Yellow. Ni turubai ndefu kumshinda mtu mzima, na juu yake kuna mabonge ya rangi ya machungwa, nyekundu na njano, kingo zake zikififia kama ukungu unaopanda. Hakuna mtu ndani yake, hakuna mnyama wala mlima. Makadirio yalikuwa kati ya dola milioni 35 na 45. Nyundo ilipogonga na ada ya mnunuzi ikaongezwa, hesabu ilifika karibu dola milioni 86.9.

Wataalamu wa makadirio hawaanzi kwa kuuliza kama mchoro ni mzuri. Wanauliza ulichorwa mwaka gani, kwa sababu wanunuzi wa Rothko hupenda zaidi kazi za miaka ya 1950 na za mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wanapima ukubwa. Wanatazama rangi, maana nyekundu na njano zinazowaka huuzwa ghali kuliko kijivu na nyeusi za miaka yake ya mwisho. Wanaipekua turubai kuona kama rangi imepasuka au kuna mahali pamepakwa upya. Wanatafuta kazi nyingine inayofanana nayo iliuzwa lini na kwa ngapi. Wanakisia kama msimu huu kuna watu wawili wenye fedha na uchu wa kutosha, kwa kuwa mmoja peke yake hafanyi mnada. Juu ya yote wanauliza kazi imepitia mikono ya nani. Hii ya 2012 ilikuwa na jibu safi: David Pincus wa Philadelphia aliinunua mwaka 1967, akakaa nayo maisha yake yote, na sasa alikuwa amefariki.

Hata kwa maswali yote hayo, wataalamu hupishana. Tajiri wa majengo wa New York, Harry Macklowe, na mkewe Linda walipoachana, kila mmoja alileta mkadiriaji wake athamini mkusanyiko wao wa sanaa. Tofauti kati ya makadirio hayo mawili ilizidi dola milioni 100. Mahakama ilichoka kuamua nani anasema kweli, ikaagiza kazi ziuzwe na fedha zigawanywe. Nyumba ya mnada ya Sotheby's iliziuza kwa awamu mbili, Novemba 2021 na Mei 2022. Katika awamu ya kwanza, mchoro wa Rothko uitwao No. 7, wa mwaka 1951, ulikwenda kwa dola milioni 82.5, na mmoja wa Jackson Pollock wa mwaka huohuo kwa dola milioni 61.2. Jumla ya mauzo yote ilikuwa takriban dola milioni 922. Mahakama ilipata tarakimu ya kugawa. Lakini nani anaweza kuapa kwamba michoro ileile ingeuzwa mwezi uliofuata, wale wanunuzi wawili wenye uchu wakiwa wagonjwa au wamefilisika, ingefika hapo?

Wafanyabiashara wa sanaa husema kwamba mali hufika mnadani kwa njia tatu: kifo, deni na talaka. Huku kwetu tunaijua zaidi ile ya katikati. Ukisikia madalali wamefika kwenye ploti, ujue kuna mtu kodi au mkopo umemlemea. Lori husimama getini, televisheni inatolewa, kochi linafuata likiwa limeegemezwa ubavu ili lipite mlangoni, na majirani wanatazama kutoka kwenye ngazi. Yote hufanywa chini ya Sheria ya Madalali ya 1996, kwa hati na orodha. Kochi ambalo mtu alilinunua kwa miezi mingi ya kujinyima huondoka kwa bei ya kutupa, kwa kuwa kila anayelitazama anajua mwenyewe hana la kusema.

Familia ya Macklowe nayo ililazimishwa kuuza, tena na mahakama. Mbona mali yao ilipanda ilhali kochi lilishuka? Utajiri wa wanunuzi ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni kwamba kila mchoro wao ulifika mnadani ukiwa na maisha yake yameandikwa: umechorwa lini, umeonyeshwa wapi, umechapishwa katika kitabu gani, umeuzwa na nani kwa nani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiwaasa wafanyabiashara, na kwenye sanaa maneno yao yanafika mbali zaidi, kwa sababu humo daftari ni sehemu ya mali yenyewe.

Atakaye ushahidi aitazame Knoedler, nyumba ya sanaa ya New York iliyoanzishwa mwaka 1846 na kufungwa ghafla mwaka 2011. Kwa miaka mingi iliuza kazi zilizodaiwa kuwa za Rothko, Pollock na wenzao, zote zikitoka kwa mwanamke mmoja aliyekuwa na hadithi ya mkusanyaji asiyetaka kutajwa jina. Mwaka 2004 mnunuzi mmoja alilipa dola milioni 8.3 kwa "Rothko" mmojawapo. Baadaye ikabainika kwamba kazi hizo zilichorwa Queens na mhamiaji kutoka China, fundi hodari aliyelipwa fedha kidogo sana kwa kila moja. Kwenye mchoro mmoja, saini ya Pollock ilikosa herufi moja. Wanunuzi waliokuwa wakisimama mbele ya picha hizo na kuguswa waliguswa kweli. Rangi haikubadilika hata tone siku uongo ulipofichuka. Historia iliyoandamana nayo ndiyo iliyobomoka, na dola milioni 8.3 zikaenda nayo.

Kwa upande mwingine, daftari liliwaokoa watoto wa Rothko halisi. Baba yao alipofariki, wasimamizi wa urithi waliuza michoro 100 kwa nyumba ya sanaa ya Marlborough kwa dola milioni 1.8, tena kwa malipo ya kidogo kidogo ya miaka 12. Wawili kati ya wasimamizi hao watatu walikuwa na maslahi yao kwa mnunuzi. Kate, binti wa marehemu, alikuwa bado kijana mbichi alipokwenda kortini. Mwaka 1975 hakimu aliwaondoa wasimamizi na kuwatoza wao na Marlborough zaidi ya dola milioni 9. Familia zetu nyingi zimepitia kesi za mirathi na zinajua mahali zinapokwama: hakuna anayeweza kuthibitisha marehemu aliacha nini. Hapa michoro ilikuwa imeorodheshwa, hivyo hakimu alikuwa na cha kuhesabu. Mwaka 1998 mtafiti David Anfam alichapisha orodha ya turubai zote za Rothko zinazojulikana, 836, kila moja na safari yake. Tangu hapo anayezuka na Rothko wa 837 anastahili kuulizwa maswali magumu.

Sasa turudi upande huu. Novemba 2013, kwenye hoteli ya Villa Rosa Kempinski mjini Nairobi, Circle Art Agency iliendesha mnada wake wa kwanza wa sanaa ya Afrika Mashariki. Kwangu mimi, jambo kubwa la usiku ule na minada iliyofuata halikuwa bei kubwa kubwa. Lilikuwa kitabu cha mnada. Kazi ya mchoraji wa Kenya, Uganda au Tanzania ilichapishwa pamoja na mwaka, vipimo na makadirio, na baada ya nyundo kila mtu alijua imeuzwa kwa ngapi. Kabla ya hapo bei ya mchoro ilikuwa ikinong'onezwa kati ya msanii, mwenye nyumba ya sanaa na mtalii. Mchoraji aliyetaka kujua kazi ya mwenzake imeuzwaje alitegemea umbea.

Wapo waliovuka mipaka. Novemba 2019, mchoro wa Michael Armitage uitwao The Conservationists uliuzwa na Sotheby's New York kwa dola milioni 1.5, ilhali ulikadiriwa kati ya 50,000 na 70,000. Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, na huchora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda. Miaka minne baadaye kazi ya Julie Mehretu, aliyezaliwa Addis Ababa na kuhamia Marekani akiwa mtoto, ilifika dola milioni 10.7. Yeye ni mrithi halali wa wale kina Rothko, kwa maana turubai zake ni michirizi na matabaka ya rangi pasipo sura ya mtu. Ninafurahi kwa ajili yao wote wawili. Lakini ninaona pia kwamba nyumba za sanaa zinazowawakilisha, wahakiki wanaowaandika na makumbusho yanayotunza kumbukumbu zao kwa sehemu kubwa ziko London na New York.

Wale waliofanyia kazi zao nyumbani wamekuwa na bahati nyingine. Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka 1928, alisomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950 kisha akawa mwalimu wa shule kwa miongo kadhaa. Aliporejea kwenye sanaa, rangi zilikuwa ghali, basi akachukua vilivyokuwepo jikoni: pakiti za unga na karatasi za kufungia sabuni. Alizikata vipande vidogo vidogo, akavipanga kwa gundi hadi vikawa kuku, wanawake shambani, ng'ombe. Ukisogea karibu unaona herufi za jina la unga zikiwa zimegeuka kuwa manyoya au mkunjo wa leso. Ukirudi nyuma herufi zinatoweka. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika Studio Museum ya Harlem, New York. Pakiti ya unga haikutengenezwa idumu, na sidhani kila aliyenunua kazi yake enzi hizo alijua kwamba anapaswa kuiepusha na jua. Kazi zake ngapi ziko ukutani mwa nyumba za watu, zikipauka, bila mwenye nyumba kujua ni za nani?

Karibu na sisi zaidi, humuhumu Kaunti ya Nakuru, kuna Sane Wadu wa Naivasha. Alizaliwa mwaka 1954, akafundisha shule, kisha akaacha kazi ya mshahara ili achore. Watu walisema amepata wazimu, naye akajibu kwa kujiita Sane, yaani mwenye akili timamu. Ruth Schaffner wa Gallery Watatu, Nairobi, alizinunua na kuziuza kazi zake, na wageni wengi wakaondoka nazo. Mwaka 2022 taasisi ya sanaa ya NCAI, ambayo Armitage ndiye mwanzilishi wake, ilimfanyia Wadu maonyesho makubwa ya kazi za miaka yake yote. Maonyesho ya namna hiyo hayawezekani bila mtu kuketi na kufuatilia: hii ya mwaka 1984 iko kwa nani, ile ilikwenda wapi. Huko ndiko kuandika daftari baada ya mali kutawanyika, kazi ngumu mara kumi. Naivasha kwenyewe, Wadu na mkewe Eunice, ambaye naye ni mchoraji, wamekuwa wakiwafundisha watoto kuchora. Kazi hiyo haina makadirio ya chini wala ya juu.

Nasi wa Free Area tuna wachoraji wetu. Kuna fundi mmoja wa mabango ambaye huwa ninasimama kumtazama akifanya kazi. Siku moja alikuwa anachora kichwa cha mwanamume kwa ajili ya kinyozi: upande mmoja wa uso kwenye mwanga, upande mwingine kivulini, na mstari wa nywele umenyooka kiasi cha kumtia wivu kinyozi mwenyewe. Kivuli cha shavuni alikipata kwa kuchanganya kahawia na buluu kidogo, kwa kidole. Nilimuuliza huwa anapangaje bei. Alihesabu ubao, mikebe ya rangi, tina na siku alizotumia, kisha akaongeza "kitu kidogo cha akili". Pembeni, chini, mahali ambapo mchoraji mwingine angeweka saini, aliandika namba yake ya simu. Ni tangazo zuri la biashara, ila laini ikipotea na fundi akasajili nyingine, bango halina tena mwenyewe.

Sheria imeanza kumfikiria mtu kama huyu, angalau kwenye karatasi. Mabadiliko ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2019 yanampa msanii haki ya asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Wazo hilo lina historia ndefu. Mwaka 1973 tajiri wa teksi wa New York, Robert Scull, aliuza kwa dola 85,000 kazi ya Robert Rauschenberg aliyoinunua kwa 900. Msanii alimsukuma mbele ya watu, na hakuondoka na hata senti. Kwa sheria yetu angekuwa na la kudai. Lakini asilimia 5 hudaiwa kwa kuonyesha kwamba kazi ni yako, kwamba imeuzwa, na imeuzwa kwa ngapi. Namba ya simu iliyokufa haitoshi.

Je, basi, tukiwa na risiti na orodha tumemaliza? Mtu wa Bonde la Ufa aliyekusanya sanaa kuliko wengi alituachia jibu la kukatisha tamaa kidogo. Joseph Murumbi alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, akawa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, akajiuzulu mapema, na mwaka 1972 akaanzisha nyumba ya African Heritage mjini Nairobi pamoja na Alan Donovan. Alikusanya vitabu, stempu, nguo, vinyago na michoro kutoka pande zote za Afrika. Wageni walizitaka na walikuwa na fedha. Yeye alitaka zibaki hapa, na miaka ya 1970 akaiuzia serikali mkusanyiko wake na nyumba yake ya Muthaiga, kwa matumaini kwamba nyumba ingekuwa kituo cha masomo ya Afrika. Vitabu na kazi nyingi ziko salama katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, na yeyote anaweza kwenda kuziona. Nyumba ilibomolewa. Serikali ilikuwa imelipa bei na hati zilikuwepo, lakini hakuna aliyejiona mwenye wajibu baada ya malipo.

Ndiyo maana nimeacha kuichukulia nyundo kama hakimu. Nyundo hutoa habari ya jioni moja: nani alikuwepo, nani alitaka, nani alikata tamaa kwanza. Thamani hujengwa na watu wengine, wengi wao bila malipo, kabla ya jioni hiyo na baada yake. Ni mwalimu anayeandika jina la mtoto na tarehe nyuma ya mchoro wa darasani. Ni mnunuzi anayeomba risiti yenye jina la msanii, hata kwa kazi ya shilingi elfu tatu. Ni familia inayopiga picha turubai za marehemu kabla hazijagawanywa. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, na sioni ugumu wa jiji kuwa na rejista moja ya wachoraji wake na kazi zao, katika ofisi moja, yenye karani anayejua kwamba hiyo ndiyo kazi yake.

Watakaosema kwamba sanaa yetu haijafika kiwango cha kuorodheshwa wanaanza na bei, wakati bei ndiyo huja mwisho. Watu wa Rothko waliweka orodha tangu siku ambazo milioni 86 hazikuwa zikiotwa na yeyote, na kama orodha isingekuwepo, fedha hizo zisingekuwa na cha kushika. Sisi tuna uhuru wa kuandika kwa sababu nyingine kabisa: ili tujue nani alikuwa hapa na alifanya nini kwa mikono yake. Bei ikija baadaye, itamkuta mwenyewe anajulikana na fungu lake liko wazi. Isipokuja, bado tutakuwa tumejua tulichonacho.